Usukani wa Pikipiki: Je, Vipuri Vinavyofanana Vyaweza Kubadilishana?

Katika karakana za pikipiki, mijini na vijijini, swali moja huulizwa mara kwa mara. Usukani wa pikipiki umepinda katika ajali, na kipuri chake hakipatikani dukani, au chapatikana kwa bei asiyoimudu mwenye chombo. Kando ya ukuta imeegemezwa pikipiki nyingine, kuukuu, isiyo na injini, ambayo usukani wake ni mzima. Kwa macho, pikipiki hizo mbili ni kama pacha. Je, usukani wa ile waweza kufungwa katika hii?

Jibu la haraka ni kujaribu: kikiingia, kimefaa. Lakini jibu hilo halitoshi. Kipuri chaweza kuingia mahali pake, kikafungwa, kikakaza, na bado kikabadilisha tabia ya chombo kizima. Swali hili dogo la karakana lina ndani yake mada kadhaa za fizikia na hisabati zinazofundishwa katika shule za sekondari: wenzo na momenti za kani, msuguano, shinikizo katika vimiminika, na trigonometria ya pembetatu mraba. Makala haya yaeleza jinsi mada hizo zinavyoweza kumwongoza fundi atoe jibu kwa kupima, wala si kwa kukisia.

Asili ya vipuri vinavyobadilishana

Kwa karne nyingi kila chombo kilichongwa peke yake. Skrubu ya mashine moja haikuingia katika mashine nyingine, hata kama zote mbili zilitoka mkononi mwa fundi yule yule. Katika karne ya 18 Mfaransa Honoré Blanc alitengeneza bunduki ambazo vipande vyake viliweza kuchanganywa na kuunganishwa tena, na mwaka 1785 aliionyesha kazi hiyo mbele ya wageni, miongoni mwao Mmarekani Thomas Jefferson. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi za skrubu kitumike nchini mwake kote. Mwaka 1908 magari 3 ya Cadillac yalifunguliwa kabisa huko Uingereza, vipande vyake vikachanganywa, kisha yakaundwa upya na kuendeshwa maili 500, yaani kilomita 800 hivi.

Fundisho la historia hiyo ni hili: vipuri hubadilishana kwa sababu vimetengenezwa kwa vipimo vilivyokubaliwa, pamoja na kiasi kidogo cha hitilafu kilichoruhusiwa. Kufanana kwa umbo si kubadilishana. Nchini Tanzania kazi ya kuweka na kusimamia viwango ilikabidhiwa Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Pikipiki ndogo zinazobeba abiria katika Afrika Mashariki hufanana kwa sababu maalumu. Nyingi zafuata mpango ule ule wa jumla: injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 100 hadi 150, magurudumu ya inchi 17 au 18, na shokapu mbili za mbele. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ilikuja kuigwa na viwanda vingi vya China. Lakini mwigaji huweza kuiga injini na kubadili fremu, au kuiga fremu na kubadili vifungio vya shokapu. Hapo ndipo macho yanapodanganyika.

Bomba la usukani na kibano chake

Kipuri kilicho rahisi kubadilisha ni bomba lenyewe, ambalo dereva hulishika kwa mikono miwili. Kipimo cha kwanza cha kuchunguza ni kipenyo cha bomba mahali linapobanwa. Pikipiki nyingi ndogo hutumia bomba la milimita 22.2, yaani inchi 7/8. Nyingine hutumia milimita 25.4, yaani inchi 1 kamili. Tofauti ni milimita 3.2 tu, na jicho huweza kuipuuza.

Bomba la milimita 25.4 halitaingia katika kibano cha 22.2, na fundi atatambua kosa mara moja. Hatari iko upande wa pili. Bomba jembamba laingia katika kibano kipana bila shida, na wengine hujaza nafasi iliyobaki kwa kipande cha bati au cha mpira wa tairi. Kibano kilichokusudiwa hulikumbatia bomba karibu pande zote, na msuguano ndio unaolizuia lisizunguke. Bomba jembamba hugusana na kibano katika mistari michache tu. Bati huteleza, na mpira hubonyea na kulegea. Wakati wa kufunga breki kwa ghafula, uzito wa mwili wa dereva husukuma usukani mbele. Ikiwa bomba litazunguka katika kibano wakati huo, mikono ya dereva itaporomoka pamoja nalo, nayo breki itakuwa imehama mahali pake katika nukta ambayo inahitajiwa kuliko zote.

Upana wa bomba nao una maana yake. Usukani ni wenzo ambao egemeo lake ni mhimili wa shina la usukani. Momenti ya kani ni zao la kani na umbali wake kutoka kwenye mhimili. Na ichukuliwe kuwa mkono mmoja uko milimita 340 kutoka kwenye mhimili na wasukuma kwa kani ya nyutoni 50:

Momenti = 50 × 0.34 = nyutoni-mita 17.

Bomba hilo likibadilishwa kwa jingine fupi, ambalo mkono unakaa milimita 260 tu kutoka kwenye mhimili, kani inayohitajika ili kupata momenti ile ile ni 17 ÷ 0.26, yaani nyutoni 65 hivi. Usukani umekuwa mzito. Tena, mkono ukisogea sentimita 1, bomba refu hugeuka kwa nyuzi 1.7 hivi, na lile fupi kwa nyuzi 2.2. Dereva aliyezoea bomba la kwanza hana budi kujifunza upya, na ni vema ajifunze katika uwanja mtupu, bila abiria.

Mikono ya breki na klachi

Mara nyingi usukani huhamishwa pamoja na mikono yake ya breki na klachi. Kila mkono nao ni wenzo. Ikiwa vidole vyavuta milimita 120 kutoka kwenye pini ya egemeo, na waya umeshikizwa milimita 24 kutoka kwenye pini hiyo, kani huzidishwa mara 5: vidole vikivuta kwa nyutoni 100, waya huvutwa kwa nyutoni 500. Katika mkono mwingine ulio sawa kwa sura, waya waweza kuwa milimita 30 kutoka kwenye pini. Hapo kani huzidishwa mara 4 tu, na waya huvutwa kwa nyutoni 400. Breki imepoteza sehemu moja katika tano ya nguvu yake, ingawa hakuna kilichovunjika. Kwa upande mwingine, waya utasogea zaidi: vidole vikisogea milimita 40, waya wa kwanza husogea milimita 8, na wa pili milimita 10. Kanuni ya wenzo haitoi faida bila kudai malipo.

Kwa breki za mafuta hesabu hufuata shinikizo. Pistoni ya mkononi yenye kipenyo cha milimita 12.7 ikibadilishwa kwa ile ya milimita 14, eneo lake huongezeka kwa uwiano wa 14² kwa 12.7², yaani 196 kwa 161. Kwa kuwa shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, kani ile ile ya vidole itatoa shinikizo pungufu kwa asilimia 18 hivi.

Shina la usukani na gololi zake

Kazi huwa kubwa zaidi iwapo kinachohamishwa si bomba tu, bali pia shina la usukani pamoja na vifungio vya shokapu. Shina hupita ndani ya shingo ya fremu, na juu na chini yake kuna vikombe vyenye gololi au beringi. Fundi hana budi kupima urefu wa shina, kipenyo chake juu na chini, na vipenyo vya vikombe katika shingo.

Gololi zisichanganywe. Gololi ya inchi 1/4 ina kipenyo cha milimita 6.35. Ikiwekwa pamoja na gololi za milimita 6 katika kikombe kimoja, ni hizo chache zilizo kubwa zitakazobeba mzigo wote, wakati nyingine zikilegea bila kazi. Gololi zenye mzigo huchimba vishimo katika vikombe. Na kwa kuwa usukani hauzunguki duara zima bali hucheza kidogo tu kushoto na kulia, vishimo hivyo hukaa palepale pa mwendo wa moja kwa moja. Dereva husikia usukani ukinasa kila unapopita katikati, na pikipiki huyumba kama inayotafuta njia.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Nati ya shina ikikazwa kupita kiasi, msuguano huzuia usukani kujirekebisha wenyewe. Ikilegezwa, gurudumu hugonga na kutetemeka. Kipimo cha kawaida ni hiki: gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa kutoka ardhini, usukani uangukie upande wowote kwa wepesi, na shokapu zikivutwa mbele na nyuma pasisikike mchezo wowote.

Hesi zinazodanganya

Boliti mbili za kipenyo cha milimita 10 zaweza kuwa na hesi tofauti. Moja ina hatua ya milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na nyingine milimita 1.5. Nati ya moja hushika mizunguko ya kwanza ya nyingine, kisha huwa nzito. Baada ya meno 6 tofauti iliyokusanyika ni 6 × 0.25, yaani milimita 1.5, ambayo ni jino zima. Anayelazimisha kwa spana ndefu hufikiri kuwa amekaza, kumbe amekata meno. Kadhalika, ziko hesi za kushoto: pikipiki nyingi za Yamaha zina hesi ya namna hiyo katika kioo cha upande wa kulia, na mkono wa breki unaotoka katika pikipiki kama hiyo hautapokea kioo cha kawaida.

Kichwa cha boliti nacho husema. Alama 8.8 yaonyesha chuma kinachostahimili mkazo wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, alama 4.6 yaonyesha nyutoni 400, yaani nusu yake. Boliti ya 4.6 haifai kuchukua nafasi ya boliti ya 8.8 katika kibano cha usukani, hata kama inaingia barabara.

Mfuato: kipimo kisichoonekana

Limebaki jambo lililo gumu zaidi kuona, nalo ndilo linaloamua kama pikipiki itashika njia yake. Ukiitazama pikipiki kwa ubavu, mhimili wa usukani hausimami wima. Umelala nyuma kwa pembe ambayo katika pikipiki nyingi ni kati ya nyuzi 24 na 30 kutoka kwenye mstari wa wima. Mhimili huo ukiendelezwa kwa mawazo hadi ardhini, hufika mbele ya mahali ambapo tairi hugusa ardhi. Umbali kati ya nukta hizo mbili utaitwa hapa mfuato, kwa sababu mguso wa tairi huufuata mhimili, kama gurudumu dogo la toroli linavyofuata pini yake.

Na R iwe nusukipenyo cha gurudumu pamoja na tairi, θ pembe ya mhimili kutoka wima, na d umbali wa ekseli mbele ya mhimili, uliopimwa kwa pembe mraba. Kutoka kwenye ekseli hadi ardhini ni R wima kuelekea chini, na kushuka huko kwaupeleka mguso nyuma ya mhimili kwa R sin θ. Lakini ekseli ilikuwa tayari mbele kwa d. Hivyo umbali wa mguso kutoka kwenye mhimili, kwa pembe mraba, ni R sin θ – d. Ukipimwa juu ya ardhi, umbali huo hugawanywa kwa cos θ:

Mfuato = (R sin θ – d) ÷ cos θ.

Chukua R = milimita 300, θ = nyuzi 27, na d = milimita 45. Kwa kuwa sin 27° = 0.454 na cos 27° = 0.891:

Mfuato = (136.2 – 45) ÷ 0.891 = milimita 102 hivi.

Sasa vifungio vya shokapu vibadilishwe kwa vile vya pikipiki pacha, ambavyo d yake ni milimita 55. Mfuato hushuka hadi milimita 91. Vikiwa na d ya milimita 30, hupanda hadi milimita 119. Ikiwa badala yake shokapu zilizofungwa ni fupi kwa milimita 30, mbele ya pikipiki huinama. Kwa chombo ambacho ekseli zake ziko milimita 1,250 mbali, pembe hupungua kwa nyuzi 1.2 hivi, na mfuato huwa milimita 95. Mabadiliko mawili, d kubwa na shokapu fupi, yakikutana, hujumlishana.

Mfuato ukipungua, usukani huwa mwepesi na mahiri katika kona, lakini hutulia kidogo katika mwendo mkali na katika barabara ya vumbi yenye mawimbi. Ukizidi, chombo hushika njia lakini huwa kizito kugeuza. Mtengenezaji alichagua kipimo kimoja kati ya hivyo viwili, na mwenye kubadilisha vipuri humwondolea uchaguzi wake bila kujua.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa mfuato pekee ndio siri ya chombo cha magurudumu mawili. Mwaka 1970 David Jones, Mwingereza, alichapisha matokeo ya baiskeli alizoziunda makusudi ili zisiweze kuendeshwa. Aliona kuwa baiskeli iliyoongezwa mfuato ilijisimamia kwa ajabu, na iliyopunguziwa hadi chini ya sifuri iliyumba sana. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Marekani na Uholanzi walionyesha baiskeli isiyo na mfuato wa kawaida wala msaada wa mzunguko wa magurudumu, ambayo bado ilijisimamia, kwa sababu uzito wake ulipangwa mahali panapofaa. Kwa hiyo hata kapu zito lililofungwa juu ya usukani ni badiliko la usukani.

Nyaya na vikomo

Usukani mrefu au wa juu zaidi huhitaji nyaya ndefu zaidi. Waya wa mafuta uliovutika hufungua kabureta wenyewe dereva anapokata kona, na pikipiki huongeza mwendo wakati alipotaka kuupunguza. Jaribio lake ni jepesi: gia ikiwa huru na injini ikinguruma taratibu, usukani ugeuzwe hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Mngurumo ukibadilika, waya ni mfupi au umepitishwa vibaya. Vikomo vya usukani pia vichunguzwe: katika kila mwisho vidole vya dereva visibanwe kati ya kishikio na tanki la mafuta.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kupima mfuato kwa vifaa vichache: timazi, rula, kamba na chaki. Pikipiki isimamishwe wima mahali tambarare, ishikwe na watu wawili, injini ikiwa imezimwa. Katika pikipiki nyingi bomba za shokapu ziko sambamba na mhimili wa usukani, kwa hiyo pembe yaweza kupimwa kwenye bomba hizo. Timazi ining'inizwe kutoka sehemu ya juu ya bomba. Ikiwa katika mshuko wa milimita 500 bomba limekwenda mbele milimita 255, basi tan θ = 0.51, na θ ni nyuzi 27. Kisha d ipimwe kwenye kifungio cha juu, kutoka katikati ya shina hadi kwenye mstari unaounganisha vitovu vya shokapu mbili. Kama ekseli imewekwa mbele ya shokapu, umbali huo uongezwe. R ipimwe kutoka katikati ya ekseli hadi ardhini. Darasa lipime pikipiki mbili zinazofanana kwa sura, kisha lilinganishe majibu.

Maswali ya kujipima

1. Mkono wasukuma kwa nyutoni 60 katika umbali wa milimita 300 kutoka kwenye mhimili. Kani gani yahitajika katika umbali wa milimita 250 ili kupata momenti ile ile?
2. Tafuta mfuato ikiwa R = milimita 290, θ = nyuzi 26, na d = milimita 40.
3. Boliti ya milimita 8 yenye hatua ya 1.25 imeingizwa katika nati ya hatua ya 1.0. Tofauti baada ya meno 5 ni kiasi gani?

Majibu: (1) nyutoni 72, (2) milimita 97 hivi, (3) milimita 1.25, yaani jino zima la boliti.

Hitimisho

Vipuri vya usukani vyaweza kubadilishana kati ya pikipiki zinazofanana, na mafundi wengi hufanya hivyo kwa mafanikio. Lakini ruhusa ya kufanya hivyo hutolewa na vipimo: kipenyo cha bomba, uwiano wa wenzo, gololi, hesi, d na urefu wa shokapu. Vikilingana vyote, vipuri ni pacha wa kweli. Kisipolingana kimoja, fundi ajue ni kipi, na kwa kiasi gani, kabla hajamkabidhi dereva chombo. Abiria anayepanda nyuma hana rula wala timazi. Amemwachia fundi kazi yote ya kupima.